Shajara ya kusikiliza: albamu 20 za muziki wa asili wa Ayalandi, Januari hadi Mei 2025

Jumamosi, 4 Januari 2025: Mpango

Huu ni mwaka wangu wa tano Dublin. Kila nikipita Smithfield jioni nasikia fidla na filimbi zikitoka mlangoni mwa Cobblestone, baa ambayo watu wa mji huu waliiandamania mwaka 2021 ulipotolewa mpango wa kujenga hoteli mahali pale. Halmashauri ya jiji iliukataa mpango huo mwaka uleule. Nimekuwa nikipita, nasimama dakika mbili, kisha naenda zangu.

Mwezi uliopita mwenzangu wa jikoni, mtu wa kaunti ya Clare, aliniuliza: "Wewe unasikiliza muziki wa dunia nzima. Wetu unauonaje?" Nikamwambia ni mzuri. Akauliza, mzuri kwa lipi? Nikakosa jibu, na mimi na yeye tunamenya viazi meza moja kila usiku.

Basi nimeamua. Nimekusanya albamu 20 za wasanii wa siku hizi, zilizotoka kati ya 2014 na 2024. Kila moja nitaisikiliza mara tatu: ya kwanza bila kalamu, ya pili na daftari, ya tatu baada ya kutafuta wimbo ulitoka kwa nani. Kumi na nne nimezinunua mtandaoni kwa bei ya wastani wa yuro 9, jumla yuro 126. Sita nimeziazima maktaba ya umma, bure. Bajeti yote ni yuro 200. Naandika hapa ili mwenye nia kama yangu apate pa kuanzia.

Jumamosi, 11 Januari: Simu na basi havifai

Nilianza na *The Livelong Day* ya kundi la Lankum (2019), albamu iliyoshinda tuzo ya albamu bora ya mwaka nchini. Wimbo wa kwanza unapita dakika kumi. Niliusikiliza ndani ya basi, alfajiri, kwa spika ya simu niliyoiweka karibu na sikio. Daftarini niliandika: "Mtu anaimba polepole sana. Fidla iko mbali. Unachosha."

Maneno hayo nimeyafuta. Jioni nilivaa hedifoni za waya za binti yangu Neema, nikarudia wimbo uleule, na chini ya ile sauti kukafunguka ghorofa nzima ambayo asubuhi haikuwapo. Kuna mvumo mzito unaoanza mdogo na kupanda taratibu mpaka unajaza kichwa. Mwimbaji hapunguzi wala haongezi kasi, ila kinachomzunguka kinazidi kuwa kizito. Kwenye simu hicho chote kilipotea, kwa sababu spika ndogo haiwezi kabisa kutoa sauti za chini, na kidogo kilichobaki kilimezwa na injini ya basi.

Mvumo huu una asili yake. Zumari la mfuko la Waayalandi, *uilleann*, halipulizwi kwa mdomo. Mpigaji anaukandamiza mvukuto kwa kiwiko (jina lenyewe linatokana na neno lao la kiwiko), na pembeni ya bomba la ghani, yaani la kupiga wimbo wenyewe, kuna mabomba matatu yanayoshikilia noti moja tu, mwanzo hadi mwisho. Zumari hilo liliingia kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2017. Lankum wanalo, na wameichukua kazi ya yale mabomba matatu wakaigawia konsatina (kinanda kidogo cha mvukuto cha kushika mikononi), harmonia (kinanda cha upepo) na fidla, kisha wakaikuza studio pamoja na prodyuza wao John Murphy.

Gharama: hedifoni zangu mwenyewe, za waya, yuro 45.

Jumapili, 19 Januari: Zima kitufe cha kuchanganya

Kosa la pili ni dogo lakini lilinipotezea wiki. Simu ilikuwa imewekwa kuchanganya nyimbo. *False Lankum* (2023) ina vipande 12 na vitatu kati yake ni madaraja, vimeandikwa ili wimbo mmoja umiminike ndani ya mwingine. Nilikuwa nasikia daraja bila mto. Kagua mpangilio wa simu kabla ya yote. Tafuta pia ile sehemu inayoruhusu nyimbo kufuatana bila pengo. Kwenye simu yangu ilikuwa imezimwa.

Albamu hii ni ya dakika 70 hivi na haikatwi. Nimeisikiliza Jumapili baada ya kanisa, mlango umefungwa. Kuna mahali wanapiga rili, ngoma ya kawaida ya kuchezea, inaanza salama kabisa kwa konsatina, halafu chini yake kinaingia kitu kama chuma kinachoburutwa sakafuni. Rili inaendelea kama haijasikia. Nilitoka pale nimechoka, na hapa kuchoka ni sifa.

Jumapili, 2 Februari: Mvumo usiokuwepo

Hili nalieleza kwa urefu maana limenigharimu kurasa tano.

Baada ya kuona hedifoni zilivyonisaidia nilitamani spika za kweli. Nikapata kwa mtu anayehama mashine ya santuri, amplifaya na spika mbili, vyote yuro 90. Duka la mitumba nikakuta sahani ya *Heard a Long Gone Song* ya Lisa O'Neill (2018) kwa yuro 18. Huyu ni mwanamke wa Ballyhaise, kaunti ya Cavan, mwenye sauti kavu inayokwaruza kama mlango wa ghala, na anaitumia hivyohivyo bila kuilainisha.

Nikaunganisha waya, nikaweka sindano. Wimbo wa kwanza anaimba peke yake, hakuna chombo. Ila mimi nilisikia chombo. Chini yake kulikuwa na mvumo wa noti moja, mtulivu, usiotetereka. Nikafurahi sana. Nikaandika kwamba hata pale anapoonekana kuimba bila ala, wameficha mabomba ya zumari chini kabisa. Nikachora mstari kati yake na Lankum. Nikajaribu hata kuitafuta noti yenyewe, nikaona inakaribia G. Usiku tatu niliandika hivyo.

Usiku wa nne nikatoa sindano nikaenda kuchemsha chai. Mama Neema akaniita kutoka sebuleni: "Baba Neema, si umezima? Mbona huu muziki wako bado unalia?"

Nilirudi nikasimama kati ya zile spika. Sahani imetulia, sindano iko kwenye kishikio chake, na mvumo upo palepale. Ulikuwa umeme. Umeme wa Ayalandi unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mizunguko 50 iko jirani kabisa na G ya chini.

Kutafuta chanzo kulinichukua Jumamosi yote. Nilibadilisha soketi, haikusaidia. Nikatenganisha waya za spika na za umeme zisilale pamoja. Mvumo ukapungua kidogo. Nikakaribia kununua kifaa cha kuchuja, yuro 35, dukani wakaniambia hakirudishwi. Kabla sijalipa nikaipindua mashine ya santuri, na nyuma yake, umejikunja kama mkia wa panya, nikaona waya mwembamba wa kijani wenye uma mdogo wa shaba mwishoni. Ni waya wa ethi, yaani wa ardhini. Nyuma ya amplifaya kuna skurubu yake maalumu, na mimi niliiona siku ya kwanza nikadhani ni ya kushikia kifuniko. Nikalegeza skurubu, nikaingiza uma, nikakaza kwa vidole.

Kimya. Nilisikia friji ya jirani.

Nikaweka sindano upya. Sauti ya yule mwanamke ilisimama katikati ya chumba haina pa kuegemea, na nikasikia nilichokosa usiku wote ule: anapovuta pumzi, pumzi inasikika, na baada ya kila mstari anaacha pengo ambalo hana haraka ya kulijaza. Mvumo wangu wa bandia ulikuwa umeyafukia yale mapengo. Kurasa tano nimezikata kwa kalamu nyekundu ila sikuzichana.

Gharama ya tiba: bure. Mkinunua mashine ya santuri iliyotumika, angalieni huo waya kwanza, halafu iacheni iwake dakika moja bila sahani, sauti juu, msikilize nini kinabaki.

Jumapili, 16 Februari: Naanza upya, kwa sauti tupu

Lile kosa limebadilisha mpango. Nimegundua nilianzia paa. Lankum wanajenga juu ya kitu, nami sikukijua. Kwa hiyo nimepanga upya albamu zote: kwanza waimbaji wasio na ala, halafu wenye ala moja au mbili, mwisho makundi makubwa.

Msingi unaitwa *sean-nós*, maana yake mtindo wa kale. Mtu mmoja, kwa kawaida kwa Kiayalandi, hana ala, hana hata mdundo wa mguu. Ghani inanyooshwa na kupambwa kwa noti ndogondogo ambazo mwimbaji anaziweka anapopenda, na ubeti wa pili haupambwi kama wa kwanza. Anaweza kuvuta pumzi katikati ya neno. Wengi wakifika mwisho hawauimbi mstari wa kumalizia. Maneno ya mwisho wanayasema tu, kama mtu anayeongea nawe jikoni. Mara ya kwanza nilidhani rekodi imeharibika. Sasa nayangoja maneno hayo. Ni kama mtu aliyekushika mkono muda mrefu anakuachia taratibu.

Iarla Ó Lionáird, wa Cúil Aodha kaunti ya Cork, ndiye aliyenifungulia. Kiayalandi sijui hata neno kumi, lakini nilipomsikiliza na daftari nilianza kuhesabu mapambo badala ya maneno. Kwenye silabi moja nilihesabu noti sita. Aliyekulia pwani akasikia taarabu ya Zanzibar hashangai silabi moja kubebeshwa mzigo huo, ila hapa hakuna fidla ya kumjibu mwimbaji. Anajijibu.

Halafu Landless, wanawake wanne. *Bleaching Bones* (2018) ni sauti tupu. Nilifanya zoezi ambalo nalipendekeza: mara ya kwanza fuata sauti ya juu peke yake, mara ya pili ya chini kabisa. Ya chini mara nyingi inabaki kwenye noti moja wakati zingine zinatembea. Mvumo tena, safari hii wa koo la mtu. *Lúireach* yao (2024) ina ala kidogo, nami nilizipokea kwa uchache ule ule.

Jumapili, 9 Machi: Kuhesabu

Sehemu ya ala ilinishinda wiki mbili. Kila ngoma ilinisikika kama iliyopita. Nilijaribu kuzikariri kwa majina, nikaacha; majina ni mengi na kila mpigaji ana lake.

Kilichosaidia ni mguu. Jigi, ngoma nyingine ya kuchezea, inakwenda kwa sita, tatu na tatu. Mimi nimekulia Kisauni, Mombasa, na harusi za majirani zilikuwa za chakacha, ambayo nayo inatembea kwa sita. Nilipoacha kuhesabu kichwani na kuuachia mguu, mwili uliijua jigi kabla yangu. Mpigo wa chakacha unalaza uzito kwingine, hivyo nisidanganye kwamba ni kitu kimoja, lakini mlango wa kuingilia nilikuwa nao toka utotoni.

Rili ni nne nne, inakimbia, na hapo sikuwa na msaada wa nyumbani. Nimenunua filimbi ya bati ya D, yuro 14, nikajifunza nusu ya rili moja, vibaya. Sehemu ya kwanza ina hatua nane, yaani vifungu vinane vya midundo, inarudiwa. Ya pili nane, inarudiwa. Jumla 32, halafu unaanza tena au unaruka kwenda ngoma nyingine bila kusimama. Ukishaijua hiyo 32 utausikia mruko kabla haujafika. Kabla ya hapo ni ukuta.

Zawadi ya kuhesabu nimeipata kwa kundi la The Gloaming, albamu yao ya kwanza (2014). Kuna kipande cha dakika 16 kinachoanza kwa sauti ya Ó Lionáird na kuishia kwenye ngoma ya mbio. Martin Hayes wa Clare anapiga fidla polepole hata unaona jigi ikivaa viatu. Pembeni yake yuko Dennis Cahill wa Chicago, aliyefariki 2022, na gitaa lake. Nilimsikiliza yeye peke yake mara ya tatu. Kuna hatua nzima anazozipita bila kugusa waya, kisha anaweka noti mbili, na mbili zile zinatosha. Kwangu hii ndiyo albamu ya kwanza ya kumpa mgeni, kabla ya Lankum.

Ye Vagabonds, ndugu wawili waliokulia Carlow, *The Hare's Lament* (2019): sauti zao zimefanana hata sijui nani anaimba juu. John Francis Flynn anapuliza filimbi mbili za bati kwa pamoja. The Mary Wallopers wa Dundalk ni wa kusikiliza umesimama, na watu. Peke yangu chumbani walinipita.

Ijumaa, 28 Machi: Zumari la Uskoti, na mzee wa Boyle

Albamu namba 11 kwenye orodha yangu ilikuwa *The Reeling* ya Brìghde Chaimbeul (2019). Niliiweka kwa sababu lebo yake ndiyo ya Lisa O'Neill na Ye Vagabonds, na jina lake nililiona la Kiayalandi. Nilimsifia kwa yule mwenzangu wa Clare. Akaweka kisu chini: "Huyo ni mtoto wa Skye. Uskoti." Jina ni la Kigaeli cha Uskoti, lugha ndugu, na zumari lake si *uilleann*. Albamu ni nzuri sana na nimeibakisha nyumbani, ila kwenye mkusanyiko nimeitoa. Mahali pake nimeweka *B* ya Cormac Begley (2022), konsatina za sauti ya chini peke yake, ambazo mivukuto yake unaisikia ikihema. Gharama ya kosa: yuro 9.

Kutokana na hilo nimejilazimisha kuuliza kila wimbo ulipita kwa nani. Leo mchana, kabla ya zamu, nilikwenda Hifadhi ya Muziki wa Asili wa Ayalandi, Merrion Square namba 73. Ilianzishwa 1987, na kuingia ni bure. Niliomba kumsikiliza John Reilly.

Reilly alikuwa wa jamii ya Wasafiri wa Ayalandi, wanaojiita Mincéirí, akiishi Boyle, kaunti ya Roscommon. Mkusanyaji Tom Munnelly alimrekodi miaka ya 1960. Alikufa 1969. Nyimbo ambazo wengi walidhani zimeshapotea midomoni mwa watu yeye alikuwa nazo nzima, na mwimbaji Christy Moore alizichukua kwake akazipeleka kundi la Planxty. Jina la Lankum nalo limetoka kwenye simulizi aliyokuwa akiiimba.

Mwanzo kundi hilo liliitwa Lynched, mchezo wa maneno juu ya jina la ukoo la ndugu wawili walio ndani yake, Ian na Daragh Lynch. Kwa Kiingereza neno hilo ni la kuua mtu kwa mikono ya umati, na linabeba historia ya Weusi wa Marekani. Mwaka 2016 walilibadilisha kwa sababu hiyohiyo, wakati ndipo wanaanza kujulikana, na badala yake wakachukua jina kutoka mdomoni mwa mtu aliyeishi pembezoni mwa nchi yao. Mimi mtu mweusi ninayetembea mji huu nililipokea hilo kwa moyo.

Sauti ya Reilly ni nyembamba, ya mtu asiye na afya. Haina mvumo, haina ukumbi. Anaimba kama anayekumbuka njia ya kwenda mahali, kona kwa kona, na hakosei. Nilikaa na hedifoni za pale karibu saa nzima, kisha nikatembea hadi kazini nisisikilize kitu.

Jumapili, 13 Aprili: Baa

Nimekwenda mara tatu kwenye baa moja kaskazini ya mto Liffey ambako wapigaji wanakaa duara, mgongo kwa watu. Mara ya kwanza nilirekodi kwa simu, juu kwa juu. Mpigaji mmoja alinifuata walipopumzika, akaniambia kwa upole niulize kwanza siku nyingine. Nikamwomba radhi, nikafuta rekodi mbele yake. Akanisogezea kiti karibu na duara.

Mambo mawili kwa atakayefuata. Kiti kinachoonekana kitupu ndani ya duara ni cha mtu. Na mtu akianza kuimba bila ala, baa nzima inanyamaza, hata anayemimina bia anasubiri. Nawe weka glasi yako taratibu.

Jumapili, 4 Mei: Hesabu na kilichobaki

Nimemaliza albamu 15. Matumizi: 126 za albamu, 45 hedifoni, 90 mashine na spika, 18 sahani, 14 filimbi, 9 albamu ya kujaza nafasi. Jumla yuro 302, nimezidi bajeti kwa 102. Anayetaka kubana anaweza kufanya yote haya kwa hedifoni za waya na kadi ya maktaba.

Jana usiku nilimjibu yule wa Clare. Nilimwambia muziki wao nausikia kama mtu mmoja anayetembea na noti moja inayomsubiri, na nikamweleza habari ya waya wa kijani. Alinyamaza akimenya viazi vitatu au vinne. Kisha akasema bibi yake alikuwa anaimba akikamua ng'ombe, na kwamba hajawahi kufikiria mvumo wake ulikuwa nini. Maziwa, akasema. Maziwa kwenye ndoo.

Zimebaki tano. Inayofuata ni *CYRM* ya ØXN (2023), ambamo Radie Peat wa Lankum anaimba na wengine watatu. Spika ya kushoto imeanza kukwaruza, nitaifungua Jumamosi.